Homoni, Nywele na Ngozi: Namna ya Kufundisha Mabadiliko ya Balehe katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika somo la sayansi la madarasa ya juu ya shule ya msingi, mada ya balehe ni fupi kitabuni lakini ni ndefu katika maisha ya mtoto. Kitabu hutaja kwa mistari michache kwamba nywele huota kwapani na sehemu za siri, kwamba wavulana huota ndevu, na kwamba chunusi hutokea usoni. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huyaandika mambo hayo ubaoni, wanafunzi huyanakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Lakini swali lililomo moyoni mwa mtoto halijaguswa: kwa nini mimi, kwa nini sasa, na kwa nini mwenzangu bado?

Swali hilo lisipojibiwa darasani hujibiwa penginepo. Hujibiwa njiani na wenzake wanaosema kuwa chunusi ni dalili ya uchafu au ya mawazo machafu. Hujibiwa gulioni na muuza vipodozi mwenye kikopo kisicho na maandishi. Majibu ya namna hiyo huzaa aibu, na aibu humfanya mtoto ajifiche nyuma ya darasa au asije shuleni kabisa.

Makala haya yanakusudia kumpa mwalimu mtarajiwa mambo mawili: kwanza, maarifa ya jinsi homoni zinavyoongoza nywele na seli za ngozi, pili, njia ya kuyafundisha kwa zana zipatikanazo katika shule za Handeni na Korogwe bila gharama. Hoja yetu kuu ni hii: homoni ni ujumbe, lakini matokeo ya ujumbe huamuliwa na mahali unapopokelewa. Mwalimu atakayelishika jambo hilo moja ataweza kuyajibu maswali mengi ya wanafunzi wake kwa utulivu.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

(a) Homoni ni nini

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia katika damu na kupelekwa mwili mzima. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Ernest Starling, mtaalamu wa fiziolojia wa London. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuonyeshwa mapema zaidi, na aliyelionyesha alitumia mnyama ambaye kila mtoto wa kijijini anamfahamu, yaani jogoo. Mwaka 1849 Arnold Berthold, wa Göttingen nchini Ujerumani, alichukua majogoo wachanga 6. Wale walioondolewa korodani zote walikua wakiwa na kishungi kidogo kilichopauka, wala hawakuwa na desturi za kijogoo za kuwika na kupigana. Wale waliorudishiwa korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake pa asili, walikua majogoo kamili wenye vishungi vyekundu. Berthold alitambua kuwa korodani ilipeleka kitu fulani kwa njia ya damu, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya mahali pa asili ilikuwa imekwisha kukatwa. Mwalimu azingatie kwamba kishungi ni ngozi. Basi tangu majaribio hayo ya kale, ngozi ndiyo iliyokuwa shahidi wa kazi ya homoni.

Mfano wa pili upo zizini. Beberu ana harufu kali isiyokuwapo kwa mbuzi jike, na mbuzi dume akihasiwa harufu hiyo hupungua sana. Harufu hiyo hutoka katika tezi za ngozi yake, na tezi hizo huamshwa na homoni ya kiume. Mtoto wa mfugaji anayajua hayo kwa pua yake. Kazi ya mwalimu ni kumpa sababu.

(b) Mzunguko wa unywele

Kila unywele huota katika kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Mwili wa mtu una vifuko hivyo milioni 5 hivi, na kati ya hivyo kama 100,000 vimo kichwani. Karibu vyote hufanyika kabla ya mtoto kuzaliwa. Sehemu ya unywele tunayoiona juu ya ngozi haina uhai. Seli hai zimo chini, katika shina.

Unywele hauoti mfululizo milele. Una vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni cha kukua, ambacho kwa nywele za kichwani huchukua miaka 2 hadi 6. Kipindi cha pili ni cha kusinyaa, ambapo kifuko hujikunja kwa muda wa wiki 2 au 3. Kipindi cha tatu ni cha kupumzika, nacho huchukua miezi 3 hivi. Kisha unywele wa zamani hudondoka na mpya huanza kuota katika kifuko kile kile. Kwa siku moja mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 bila kuona upungufu. Urefu wa nywele hutegemea urefu wa kipindi cha kukua. Nyusi hubaki fupi kwa sababu kipindi chake cha kukua ni wiki chache tu.

Ili jambo hili lieleweke, mwalimu awatoe wanafunzi nje wakautazame mwembe na mbuyu. Mwembe hupukutisha majani yake kidogo kidogo mwaka mzima, na daima una kivuli. Mbuyu hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi, ukabaki matawi matupu. Kichwa cha mtu ni kama mwembe: kila kifuko kina msimu wake, na wakati wowote nywele karibu 9 katika kila 10 zinakua. Lakini homoni zikibadilika kwa ghafula, kichwa chaweza kufuata desturi ya mbuyu.

Mfano ulio wazi ni wa mama aliyejifungua. Wakati wa ujauzito kiwango cha estrojeni huwa juu, na nywele nyingi huendelea kukua bila kuingia katika mapumziko. Baada ya kujifungua kiwango hicho hushuka. Nywele zilizokuwa zimecheleweshwa huingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi 2 hadi 4 baadaye hudondoka nyingi kwa mara moja. Mama huogopa, na jirani huweza kusema kwamba amefanyiwa jambo. Kumbe huo ni msimu uliokusanyika, na kwa kawaida nywele hurudi katika hali yake kabla mtoto hajatimiza au anapotimiza mwaka mmoja.

(c) Ujumbe mmoja, wapokeaji wengi

Wakati wa balehe tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huziamsha ovari za msichana na korodani za mvulana. Tezi zilizo juu ya figo nazo huwa zimekwisha kuanza kutoa homoni za jamii ya androjeni, hata kwa wasichana. Homoni hizo hufika kila mahali palipo na damu, lakini kila mahali hupokea kwa namna yake.

Kwapani na sehemu za siri huitikia androjeni kidogo tu. Ndiyo maana nywele za huko huota kwa wasichana na wavulana. Kidevu huhitaji androjeni nyingi; ndiyo maana ndevu huchelewa na kwa kawaida ni za wavulana. Nyusi hazihitaji androjeni ili ziote. Mtoto mchanga huzaliwa nazo. Kiganja hakina vifuko vya nywele, basi hata homoni ziwe nyingi kiasi gani hakitaota kitu.

Mwalimu asisitize kwamba balehe haileti vifuko vipya. Kifuko kile kile kilichokuwa kikitoa nywele laini tunazoziita malaika hupokea ujumbe, kikakua, na kuanza kutoa unywele mnene na mweusi.

Ajabu zaidi ni utosini. Homoni ile ile inayonenepesha ndevu huweza, kwa mwanamume mwenye urithi wa upara, kuvidhoofisha vifuko vya utosi mwaka hadi mwaka mpaka virudi kutoa malaika. Mwaka 1942 James Hamilton wa Marekani alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya balehe hawakupata upara. Lakini walipopewa testosteroni, wale ambao ukoo wao ulikuwa na upara walianza kuupata. Hapo tunaona mambo mawili yakifanya kazi pamoja: ujumbe wa homoni na urithi wa mpokeaji.

(d) Homoni na seli za ngozi

Tabaka la juu la ngozi hujengwa upya daima. Seli huzaliwa chini, hupanda juu, hufa, kisha hupukutika, na safari hiyo huchukua mwezi mmoja hivi. Homoni huweza kuiharakisha, kuichelewesha au kuibadilisha.

Katika balehe, androjeni huzikuza tezi za mafuta zilizo kando ya vifuko vya nywele, hasa za uso, kifua na mgongo. Mafuta huongezeka. Seli zilizokufa hushikamana na mafuta hayo na kuziba mlango wa kifuko. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu huongezeka humo, ngozi huvimba, na hiyo ndiyo chunusi. Basi chanzo chake ni ndani, si uchafu wa nje. Kuosha uso kwa upole mara mbili kwa siku kunafaa. Kuusugua kwa nguvu huzidisha uvimbe.

Wakati huo huo tezi za jasho za kwapani huanza kazi. Jasho lenyewe halina harufu kali linapotoka. Bakteria wa ngozini ndio wanaoligeuza kuwa kikwapa. Mtoto wa miaka 8 na kijana wa miaka 14 wakioga sawa hawatakuwa na harufu sawa, na kosa si la kijana.

Andalio la vipindi viwili

Madhumuni: mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini homoni moja huleta matokeo tofauti sehemu mbalimbali za mwili, na kutaja sababu moja inayofanya wenzake wa rika moja wabalehe kwa nyakati tofauti.

Zana: kadi 10 nyekundu zilizokatwa kutoka katika boksi kuukuu, karatasi 5 zilizokunjwa, majani makavu ya mwembe, na mchoro wa kifuko cha unywele ubaoni.

Kipindi cha kwanza. Mwalimu aanze na jogoo na beberu, kwa kuwauliza wanafunzi wanachokijua. Aeleze jaribio la Berthold. Kisha awaongoze nje kutazama miti, warudi na kuchora vipindi vitatu vya unywele. Kila mwanafunzi autazame mkono wake mwenyewe na kuyatafuta malaika. Lisitazamwe umbo la mwenzake.

Kipindi cha pili ni mchezo wa kadi. Darasa ligawanywe katika makundi 5: Kwapa, Kidevu, Nyusi, Tezi za Mafuta na Kiganja. Mwanafunzi mmoja awe Tezi, na mwingine awe Damu, mwenye kupeleka kadi. Kila kundi lifungue karatasi yake kwa siri. Kwapa limeandikiwa: "Kadi ya kwanza ikifika, simameni." Kidevu: "Subirini kadi ya tano, ndipo msimame." Nyusi: "Msimame tangu mwanzo, kadi isiwabadili." Tezi za Mafuta: "Kila kadi ikifika, pigeni makofi, na makofi yazidi." Karatasi ya Kiganja haina neno. Tezi ikitoa kadi moja moja, Damu izunguke nazo na kuzionyesha kwa makundi yote.

Mchezo ukiisha, mwalimu aulize: "Je, kadi zilikuwa tofauti?" Watajibu kuwa zilikuwa sawa. "Basi kilichotofautiana ni nini?" Jibu la swali hilo ndilo somo. Kisha mchezo urudiwe, safari hii Tezi ichelewe kuanza. Wanafunzi wataona kwamba Kwapa na Kidevu vitasimama vile vile, ila kwa kuchelewa. Hapo mwalimu aeleze kwamba msichana huanza balehe kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14, na kwamba anayetangulia na anayechelewa ndani ya muda huo wote ni wazima.

Maswali ambayo mwalimu aweza kuulizwa

"Je, kunyoa hufanya nywele ziote nene zaidi?" La. Wembe hukata sehemu isiyo na uhai, na habari za wembe hazifiki kwenye shina. Unywele uliokatwa huwa na ncha butu, na kwa hiyo huonekana na kuguswa kama mnene. Swali hili lina uzito kwa kuwa wanafunzi wengi wa shule za msingi hunyolewa mara kwa mara. Laiti kunyoa kungeongeza unene, vichwa vyao vingekuwa ushahidi.

"Je, mwenye mabaka yasiyo na nywele kichwani ana tatizo la homoni?" Mara nyingi sivyo. Kwa watoto wa shule, mabaka yenye magamba na kuwasha huwa ni mapunye, yaani ugonjwa wa kuvu unaoambukizwa kwa kuchangia mashine za kunyolea, vitana na kofia. Mapunye hutibiwa kwa dawa ya kumeza itolewayo na mganga wa zahanati au hospitali. Nywele zilizofifia na kung'oka kwa urahisi kwa mtoto aliyevimba miguu ni dalili ya utapiamlo. Mwalimu asitumie neno homoni kufunika kila jambo.

"Je, chunusi huisha kwa kuoa au kuolewa?" La. Hupungua kwa wengi baada ya balehe kutulia, na hutibika hospitalini zikiwa nyingi au zikiacha makovu. Jibu hili lisemwe waziwazi, maana uvumi wa namna hiyo umewahi kuwa kisingizio cha kumdanganya msichana.

Homoni zilizomo ndani ya kikopo

Hapa ndipo somo letu linapokutana na hatari. Kuanzia Mkata hadi Mombo, kama katika miji mingine ya nchi yetu, neno mkorogo halihitaji tafsiri. Msichana mwenye chunusi au madoa huambiwa kwamba krimu fulani itamtakasa kwa wiki moja. Krimu nyingi za kuchubua huwa na hidrokwinoni, zebaki, au dawa za jamii ya steroidi kama klobetasoli.

Mwalimu aeleze steroidi hizo ni nini. Ni dawa zilizotengenezwa kwa mfano wa kortisoli, homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya figo, lakini zina nguvu nyingi zaidi. Daktari huzitumia kwa kipimo na kwa muda mfupi kutibu magonjwa ya ngozi. Zikipakwa usoni kila siku hupeleka ujumbe ambao mwili haukuutuma. Seli za ngozi hupunguza kugawanyika, na ngozi huwa nyembamba mpaka mishipa ya damu ikaonekana. Michirizi hutokea, majeraha huchelewa kupona, na kuvu hustawi. Kinaya ni kwamba huweza kuleta chunusi mpya na kuotesha nywele usoni, yaani mambo yale yale aliyeyakimbia msichana. Zikitumiwa sana hupenya hadi kwenye damu, na tezi za mwili huweza kuacha kutengeneza homoni yake. Kwa sababu hiyo aliyekwisha kuzoea asiache kwa kificho na hofu. Aende hospitali apate ushauri wa namna ya kuacha. Nayo zebaki hudhuru figo, na hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa kudumu.

Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini. Usimamizi wake ulikuwa chini ya mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 vipodozi vipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Lakini sheria haimfikii mtoto gulioni kwa haraka kama rafiki anavyomfikia. Anayeweza kumfikia kabla ya rafiki ni mwalimu.

Mwenendo wa mwalimu

Maarifa hayatoshi bila adabu ya kuyatoa. Kamwe mwalimu asimtumie mwanafunzi kama zana kwa kuonyesha uso wake, ndevu zake au kutaja harufu yake. Akiona mwanafunzi anahitaji shauri la usafi, amwite faraghani, na kwa msichana ni vema mwalimu wa kike afanye kazi hiyo. Maswali ya aibu yaandikwe kwenye vikaratasi bila jina na kuwekwa katika boksi. Akiona dalili za balehe kwa mtoto wa kike kabla ya miaka 8 au wa kiume kabla ya miaka 9, au msichana anayeota ndevu nyingi, amshauri mzazi ampeleke hospitali, wala asitoe hukumu.

Tena mwalimu asiwadharau wazee na makungwi. Jamii za Wazigua na Wasambaa zina mafunzo yake kwa vijana wanaobalehe, na mafunzo hayo hugusa heshima na wajibu wa mtu mzima. Shule inaongeza sababu za kimwili. Mzazi akielezwa mapema kile kitakachofundishwa, huwa mshirika.

Upimaji

Mwalimu atoe maswali matatu. Kwanza: eleza kwa nini ndevu huchelewa kuota kuliko nywele za kwapani. Pili: mwenzako anasema chunusi zako ni uchafu, mjibu kwa sentensi tatu. Tatu: mama mdogo aliyejifungua miezi mitatu iliyopita analia kwa sababu nywele zinadondoka, utamwambia nini? Swali la pili na la tatu ndiyo kipimo hasa, kwa kuwa yanaonyesha kama maarifa yametoka daftarini na kuingia katika maisha.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba nywele na ngozi ni wapokeaji wa ujumbe wa homoni, kwamba ujumbe ni mmoja na mapokezi ni mengi, na kwamba tofauti kati ya mtoto na mtoto ni jambo la kawaida. Mwanachuo atayarishe kadi zake na karatasi zake kabla ya kwenda mazoezini, auchague mwembe ulio karibu na darasa, na ajizoeze kuyajibu maswali matatu ya hapo juu kwa sauti, mbele ya wenzake, bila kucheka na bila kuinamisha macho. Akiweza kufanya hivyo chuoni, ataweza mbele ya watoto.